Fundi wa Motari wa Kimihurura

Kimihurura, mtaa wa Kigali nchini Rwanda, iko mlimani. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayeteremka kutoka Kigali Convention Centre akiwa na abiria nyuma hutegemea breki zilizokaguliwa na mtu mwingine: fundi aliyechutama kando ya barabara, mikono myeusi kwa grisi.

Breki ikipiga kelele, fundi mzuri hakimbilii kuuza kipuri kipya. Hufungua gurudumu, hufuta vumbi, hupiga msasa brekishu zilizong'aa kwa joto, kisha hupaka grisi kidogo mno pale zinapojigeuza, kwa sababu ikizidi itafika kwenye brekishu na breki haitashika. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni habari nyingine. Brekishu zimekwisha, na hapo habembelezi mtu.

Injini inayozimika kwenye taa nyekundu inataka subira zaidi. Fundi huiacha ipate moto kwanza, ndipo azungushe skrubu ya kabureta taratibu, sikio likiwa karibu. Huzibua vijitundu vya mafuta, hutazama kama mpira wa kabureta umepasuka na kuvuta hewa.

Pikipiki za umeme zinaongezeka Kigali. Hazina kabureta, lakini breki zinazo. Abiria, motari akikuomba dakika chache kwa fundi, mpe.