Kisanduku Kimoja Ndani ya Moodle

Muulize mwanafunzi wa chuo notisi za jana ziko wapi, atakuambia CR, kiongozi wa darasa, ameshazitupia kwenye grupu la WhatsApp. Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, hataitaja, ingawa chuo kinayo na huenda mhadhiri alizipandisha huko kwanza. Wakubwa wa vyuo huita huo uvivu wa vijana. Mimi naona vijana wamepiga hesabu ya bando, na hesabu yao iko sawa.

Moodle ilianzishwa na Martin Dougiamas wa Perth, Australia. Toleo la 1.0 likatoka Agosti 2002. Ni programu huria isiyo na ada ya leseni, na ndiyo maana imeingia hata katika vyuo visivyo na fedha nyingi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwemo. Lakini ilibuniwa kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yenye intaneti muda wote. Kila ukibofya, ombi linakwenda kwenye seva na kurudi. Kwa aliye hosteli, bumu (fedha za mkopo) limeisha na MB zilizobaki ni za kuhesabu, kila mbofyo ni hela. Faili la WhatsApp hushuka mara moja, likakaa kwenye simu, likasomwa hata bando likikata. WhatsApp nayo ina vituko vyake: mpaka mwaka 2022 grupu halikupita watu 256, kwa hiyo darasa kubwa liligawanywa makundi, na tangazo la kuahirisha jaribio likafika huku lisifike kule.

Kinachosahaulika ni kwamba Moodle ina programu yake ya simu, na hiyo hufanya kazi ileile ya kuweka vitu akiba. Mwanafunzi anapakua somo zima akiwa kwenye waifai ya maktaba, anasoma na kujibu akiwa nje ya mtandao, kisha simu ikipata mtandao inapeleka majibu kwenye seva. Msimamizi wa mfumo anatakiwa kuruhusu huduma ya simu, na mhadhiri apandishe vitu vinavyobebeka. Hapo pa pili ndipo penye matatizo. Sura ya kitabu iliyopigwa picha kwa simu, kurasa 20 za MB 3 kila moja, ni MB 60. Maandishi yaleyale yakichapwa hayafiki hata MB moja, tena yanajipanga kulingana na upana wa kioo. Video ya kiwango cha megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 32, hula kama MB 14. Somo la falsafa halihitaji uso wa mhadhiri. La anatomia, hilo tunaweza kujadili.

Jaribio ndilo lenye utamu. Kwenye mipangilio yake kuna kisanduku cha kuruhusu lifanyike nje ya mtandao kupitia programu ya simu. Ukikitiki, unakubali masharti: jaribio lisiwe na kikomo cha dakika, na mwanafunzi asipewe matokeo ya kila swali papo hapo. Masharti hayo yana mantiki. Saa ya simu mwenyewe anaweza kuirudisha nyuma, hivyo dakika za kuaminika ni za seva tu. Na kumwambia mtu hapohapo kwamba amekosa kungedai majibu sahihi yawe yamelala ndani ya simu yake, na vijana wetu hawashindwi kuyafukua.

Hapo ndipo wahadhiri wengi hukwama. Bila kikomo cha dakika, wanasema, wanafunzi watadesa, yaani watanakiliana. Watadesa kweli, kama wote wana maswali yaleyale kumi. Lakini mwanafunzi anapopakua jaribio, seva inakuwa imeshamfungulia jaribio lake na kumchagulia maswali. Weka maswali 60 kwenye benki, kila mmoja apewe 10 kwa bahati nasibu. Kwenye hesabu na fizikia tumia aina ya swali linalobadilisha tarakimu kwa kila mtu. Kuandaa benki hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, na sijaona chuo kikiihesabu kama mzigo wa kufundisha. Nadhani kisanduku hakitikiwi kwa sababu hiyo zaidi ya hofu ya udanganyifu.

Mwanafunzi naye aambiwe mambo mawili mapema. Akianza jaribio kwenye simu bila mtandao, asiende kulimalizia kwenye kompyuta ya maabara, maana simu ikija kuunganishwa majibu yake yaliyokuwa humo yatatupwa. Pia kumaliza kujibu si kukusanya: majibu lazima yaifikie seva kabla jaribio halijafungwa, na simu haiwezi kuyatuma bila mtandao. Kwa hiyo mhadhiri aliyezoea kufunga saa sita usiku Jumapili asogeze mpaka Jumatatu mchana, watu wakiwa wamesharudi kampasi na waifai iko karibu.