Miti, pumu na kipimo kinachosomwa haraka

Menya chungwa, chumba kizima kitanukia. Ile harufu kwa sehemu kubwa ni limonini, mojawapo ya kemikali ambazo mimea huachia hewani. Misonobari huachia pinini, na mialoni huachia isoprini kwa wingi jua likiwaka. Zikipimwa nyingi mahali penye wagonjwa wa pumu, ni rahisi kuhitimisha: kumbe miti ndiyo inayowabana kifua! Ngoja kwanza.

Anza na kifaa. Limonini na alfa-pinini zina fomula moja, C10H16, kwa hiyo molekuli zao zina uzito sawa. Vipo vifaa vinavyopima hewa papo hapo kwa kuangalia uzito tu, na kwao hizi mbili ni kitu kimoja. Ukitaka kuzitofautisha, unavuta hewa ipite kwenye kijibomba chenye unga unaonasa kemikali, kisha maabara inazitenganisha. Hapo unapata majina, lakini ni wastani wa muda wote uliovuta hewa, siyo kile alichovuta mgonjwa dakika aliyobanwa. Makala isiposema ilipimaje, usiimeze nzima.

Halafu hewa yenyewe haitulii. Mchana isoprini haidumu muda mrefu. Inavunjwa, na pakiwa na oksidi za naitrojeni kutoka kwenye magari, inasaidia kutengeneza ozoni. Ozoni ndiyo tunayojua vizuri kwamba inachokoza njia za hewa. Ronald Reagan aliwahi kudai miti inachafua hewa kuliko magari. Alishika nusu ya habari. Mwaka 1988, William Chameides na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba miti ya Atlanta, Marekani, inachangia sana kwenye ozoni ya mji. Fundisho lake? Bana oksidi za naitrojeni, kwa sababu miti huwezi kuizima.

Sasa utamu. Olimpiki ya 1996 ilifanyika Atlanta hiyohiyo. Miti ilibaki palepale, foleni za asubuhi zikapungua. Utafiti wa 2001 katika jarida la JAMA ulisema kilele cha ozoni kilishuka kwa asilimia 28 hivi, na matibabu ya dharura ya pumu kwa watoto wenye bima ya Medicaid yakashuka kwa asilimia 42 hivi. Kesi imekwisha, sivyo?

Haijaisha. Mwaka 2010 timu nyingine iliirudia hesabu hiyo. Ikakuta ozoni ilishuka pia kwingine kusini-mashariki mwa Marekani, ambako hakukuwa na Olimpiki yoyote, na wagonjwa wa dharura hawakuonekana kupungua waziwazi. Yaani hali ya hewa nayo ilikuwa na mkono wake. Takwimu ya asilimia 42 inapendeza, lakini kuitaja bila marudio yake ni kosa lilelile la kuilaumu miti.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mmea fulani unaleta pumu, uliza: kifaa kiliona nini hasa? Hewani kulikuwa na nini kingine? Je, kuna aliyerudia hesabu? Bila majibu hayo, mji unaweza kukata kivuli chake na kuuacha moshi wa magari ukitamba barabarani.