Dawa ya Kupe Huishia Juu ya Manyoya

Mwaka 2016 watafiti, akiwamo Patrick Vudriko wa Chuo Kikuu cha Makerere, walichapisha ushahidi kwamba kupe wa Uganda wamekuwa sugu kwa zaidi ya aina moja ya dawa za kuogeshea mifugo. Kwa hiyo kupe wasipokufa, kuanzia Nakivale hadi Mbarara, ni rahisi kulaumu usugu peke yake. Lakini kabla ya sumu kumuua kupe, tone lazima limfikie, na bomba la mkono haliogeshi kama josho ambamo ng'ombe huzama mzima. Mwanasayansi Thomas Young alieleza mwaka 1805 kwamba tone hutanda au hujikunja kulingana na mvutano wa sehemu tatu zinapokutana: kimiminika, hewa na kitu kigumu. Manyoya yana mafuta, na katikati yake mna hewa. Watafiti Cassie na Baxter walionyesha mwaka 1944, wakichunguza vitu vyenye matundu kama vitambaa na manyoya ya ndege, kwamba hewa iliyonaswa hulifanya tone likae juu juu. Wala tusitegemee uzito wa tone ulisukume ndani: maji yakiwa tone dogo kuliko milimita 2 hivi, mvutano wa uso hushinda uzito, na matone ya bomba ni madogo zaidi ya hapo.

Mtu atasema viwanda vimeshalitatua hilo, kwani dawa kama amitrazi huja na viambato vya jamii ya sabuni. Ni kweli, viambato hivyo vyaweza kushusha mvutano wa maji kutoka milinewtoni 72 kwa mita hadi kukaribia 30. Ila anayezidisha maji ili dawa itoshe kundi zima hupunguza sumu na sabuni kwa pamoja. Hoja nzito zaidi ni kwamba usugu umepimwa maabara. Naikubali kabisa. Lakini katika kipimo kinachotumika sana, mabuu ya kupe hufungiwa ndani ya karatasi iliyolowa dawa, hivyo mguso ni wa hakika. Kipimo hicho hakiwezi kutuambia ni kiasi gani kilifika ndani ya sikio la ng'ombe, anakopenda kujificha kupe wa kahawia anayeeneza ndigana kali. Tena kupe aliyeguswa na dawa haba akapona ndiye anayebaki kuzaa, kwa hiyo kulowesha vibaya kwaweza kuulea usugu wenyewe. Kipimo sahihi cha dawa, kupuliza kinyume cha mlalo wa manyoya mpaka ngozi ilowe, na kushughulikia masikio na chini ya mkia kwa uangalifu: hayo yafanyike kwanza, ndipo dawa ibadilishwe.