Ndege ya Mumbai Haikuwa ya Mwanza

Ruti ya kwanza ya Dreamliner yetu ilikosewa, na miaka iliyopita haijalifunika kosa hilo. Mliyaona mapokezi ya Julai 2018 pale Dar es Salaam: Boeing 787-8, viti 262, masafa ya kilomita 13,500 hivi. Kabla mwezi haujaisha ikapangiwa Dar–Kilimanjaro–Mwanza.

Dar hadi Mwanza, ukikata angani moja kwa moja, ni kilomita 850. Ndege ya masafa marefu hulipa gharama zake ikiwa imetulia juu kwa saa nyingi. Hapa haijamaliza kupanda, inaanza kushuka. Injini hupata joto lake kali zaidi wakati wa kuruka, miguu ya ndege hubeba kishindo wakati wa kutua, na vipuri muhimu vya injini vina umri unaohesabiwa kwa mizunguko hiyo ya kuruka na kutua, si kwa kilomita. Mzunguko mmoja wa Mumbai unakupa kilomita 4,680. Ukienda Mwanza kwa kupitia Kilimanjaro umekwishatumia miwili, na kilomita elfu moja hujafikisha! Hoja kwamba ruti hiyo fupi ilikuwa ya kuwazoesha marubani naikubali, lakini kwa wiki chache tu. Ruti ya Mumbai ilisubiri hadi Julai 2019.

Nimelisema hili mara nyingi na sitaliacha: wapanga ruti huanza kupima Dar, kana kwamba abiria wote wanalala Kariakoo. Mgonjwa wa Kibondo anayekwenda kutibiwa India anapanda basi, anapita Kasulu, anateremka hadi Kigoma, ndipo aruke kilomita 1,080 kufika Dar. Kigoma hadi Mumbai angani ni kilomita 5,430. Kwa kupitia Dar ni 5,760. Anapoteza 330 tu, maana Dar haiko mbali na njia yake. Lakini ndege ya Dar–Mumbai isipokuwepo, mpeleke Doha kwanza, na kipande cha kutoka Dar peke yake kinapanda hadi kilomita 6,100, zaidi ya 1,400 juu ya safari ya Dar–Mumbai moja kwa moja, mbali na saa za kusubiri uwanjani akiwa na maumivu yake. Ziada hiyo ndiyo Dreamliner ilipaswa kumwondolea, na kwa mwaka mzima haikumwondolea.

Kwa safari za ndani, ndege ndogo ya Q400 kuletwa Kigoma ni uamuzi mzuri: viti 76, injini za pangaboi, na umbali unaoifaa.

Wale wa shirika la zamani la East African Airways walijua kuipangia kila ndege ruti yake. DC-3 kwa viwanja vidogo vya ndani, Friendship kwa miji ya kanda, na Super VC10, waliyoanza kuipokea 1966, kwa London; ndege iliyoundwa kwa ajili ya viwanja vya joto na mwinuko kama Nairobi. Shirika lile lilivunjika 1977 kwa ugomvi wa nchi tatu zilizolimiliki, si kwa kupeleka ndege ya London mahali pa Friendship.