Jeep ya Exetat: ugomvi wetu unamsahau nani?

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, Lubumbashi inageuka nyeupe. Vijana wanamwagiana pudra kichwani, mama wanapiga vigelegele, baba mkubwa anatuma feza kwa simu kutoka Kolwezi. Siku mbili tatu baadaye inaanza kuzunguka picha ya namna ingine: kijana wa miaka 17, diploma yenyewe haijatoka Kinshasa, amesimama mbele ya jeep mpya yenye utepe mwekundu. Baba yuko pembeni, miwani nyeusi, anacheka. Chini ya picha watu wanaanza vizuri: "Mungu akubariki papa, mbele zaidi." Ukifika mstari wa tano, tayari wanapigana.

Wandugu wasomi, mimi leo nataka kukosoa ule ugomvi wenyewe. Jeep tutaifikia.

Ugomvi uko na pande mbili, na nimezisoma mpaka nazijua kwa moyo. Wa kwanza wanasema: feza ni ya baba yake, ameitolea jasho, weye inakuuma wapi? Ni wivu tu. Wa pili wanasema: huyo mtoto ataharibika, hatajua kazi ni nini, kesho atamtukana profesa. Kila upande unaona mwingine ni mpumbavu. Lakini angalieni vizuri, wote wanamwangalia mtoto yule yule. Mmoja anauliza kama anastahili, mwingine anauliza atakuwa mtu wa namna gani. Hakuna anayeuliza ni nani mwingine yuko barabarani. Ni kama vile ile jeep itatembea peke yake, ndani ya lupango ya baba, kutoka langoni mpaka chini ya mwembe na kurudi.

Naomba tuende mbali kidogo, mpaka India, mji wa Pune. Ni mji wa vyuo, na vijana wengi wa Afrika wameenda kusoma kule, na wa Kongo pia. Tarehe 19 Mei 2024, siku ya Yenga, karibu saa nane na nusu za usiku, kijana wa miaka 17 alikuwa kwenye usukani wa Porsche Taycan. Alikuwa anatoka kusherehekea na marafiki matokeo ya darasa la 12, yaani Exetat ya kwao. Polisi walisema kwenye baa ya kwanza peke yake walilipa rupia 48,000. Baba yake ni mjenzi wa majumba, tajiri anayejulikana pale mjini. Ile Porsche iligonga pikipiki, na watu wawili waliokuwa juu yake walikufa: kijana mmoja na dada mmoja, wote wa miaka 24, wote wainjinia wa kompyuta, wote wametoka jimbo la Madhya Pradesh kuja kutafuta maisha.

Simameni kidogo hapo. Miaka 24. Diploma ya chuo mkononi, kazi ya kwanza, pikipiki moja ya kurudia nyumbani watu wawili. Hao ni sisi! Katika habari yote ile, anayefanana na msomaji wa ukurasa huu si yule wa ndani ya Porsche. Na bado tukianza kugombana juu ya jeep ya mtoto wa bwana fulani, kila mmoja wetu anajiweka kwenye usukani. Mimi ningepewa, ningekataa? Na mimi mtoto wangu nitamnunulia? Tunasahau kwamba kwa sasa tuko juu ya pikipiki, nyuma ya motari, bila kaske.

Kisha ikaja ile sehemu iliyozunguka dunia nzima. Saa 15 hivi baada ya ajali, bodi inayosikiliza kesi za watoto ilimwachilia kijana kwa dhamana, na kati ya masharti yake kulikuwa hili: aandike insha ya maneno 300 juu ya ajali za barabarani. Maneno 300! TP ya mwaka wa kwanza inaomba kurasa zaidi ya hapo. India ikakasirika, bodi ikabadilisha neno lake na kumpeleka kwenye nyumba ya watoto, halafu mwezi wa sita Mahakama Kuu ya Bombay ikaamuru atolewe kwa sababu kuzuiliwa kwake hakukufuata sheria. Mimi si mwanasheria, hapo sitaingia sana.

Ninachotaka muone ni vitu viwili vidogo. Cha kwanza: ile Porsche haikuwa na pulake ya kudumu. Motokari ya zaidi ya rupia milioni 10, na wakubwa wa usafiri wa jimbo walieleza kwamba kuiandikisha kulikwama ju ya malipo ya rupia 1,758 ambayo hayakulipwa. Ni kama dola 21. Kwa nini mtu mwenye feza ya ndovu anashindwa kulipa feza ya kuku? Jibu langu ni kwamba hakushindwa. Hakuna aliyemfanya aone kuna haraka. Cha pili: polisi walikamata madaktari wakisema damu ya kijana ilibadilishwa na kuwekwa ya mama yake kabla ya kupimwa pombe. Walikamata na baba, babu na mama. Wakasema pia dereva wa nyumbani alisukumwa akubali kwamba yeye ndiye alikuwa anaendesha. Hayo ni mashitaka, mahakama ndiyo iko na neno. Lakini hebu niambieni, ni nani kati yetu alisoma habari ile na kushangaa?

Ndiyo maana nasema motokari ya kifahari kwa mtoto haiji peke yake. Inakuja na zawadi ya pili ambayo haifungwi utepe: namba ya simu ya baba. Mtoto wa miaka 17 akipewa Vitz ya kuzeeka, polisi wa rulaje atamsimamisha, ataomba permi, ataomba asuransi, itakuwa kelele. Akipewa jeep yenye vioo vyeusi, mara nyingi anasimamishwa na nani? Yule polisi naye iko na watoto wa kulisha. Anapiga saluti. Mtoto anajifunza kila siku, bila mwalimu, kwamba alama ya barabarani ni ya watu wengine. Hapo hatuhitaji kubishana kama ameharibika roho. Anaweza kuwa mtoto mpole, wa kuheshimu wakubwa, wa kuimba kwenye kwaya. Bado ile njia imemfundisha vibaya.

Na angalieni mahali swali la "ataharibika" linaweza kufika. Mwaka 2013, Texas, kule Marekani, kijana wa miaka 16, amelewa, aliendesha gari ya kampuni ya baba yake na kuua watu wanne. Mbele ya hakimu, mtaalamu wa saikolojia upande wa utetezi akaeleza kwamba kijana alikuzwa katika utajiri bila mipaka, hakujua matendo yako na matokeo. Alipewa miaka 10 ya kuangaliwa nje ya jela. Hakimu hakusema ni ju ya maelezo yale. Lakini onjeni ile hoja: ni maneno yale yale ya upande wetu wa pili, "mtoto ameharibiwa na feza", na sasa yanamtetea yeye. Ukimweka mtoto wa tajiri katikati ya maneno kila saa, hata maovu yake yanageuka kuwa ugonjwa wake. Wale wanne wanabaki idadi.

Wazazi wengi hawaongei juu ya fahari. Wanaongea juu ya usalama, na hii ndiyo hoja ninayoiheshimu, basi niijibu kwa urefu. Mama anasema: sitaki binti yangu apande taksi-basi iliyojaa mpaka mlangoni, arudi na giza, apokonywe simu ao mambo mabaya zaidi. Iko na haki. Anasema tena: jeep ni nzito, ikigongwa mtoto wangu anapona. Hapo pia hajasema uongo, kwa mtu aliye ndani. Lakini wale wa Politekiniki wanajua hesabu yake. Vitz ni kama tani moja. Land Cruiser ni zaidi ya mbili, Taycan vilevile. Uzito ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga inazidi mara mbili. Mwendo ukitoka 50 kwenda 100, nguvu inazidi mara nne. Na motokari ya kifahari ndivyo inavyouzwa: Taycan inafika kilomita 100 kwa saa chini ya sekunde 6, na ndani kimya, huhisi kitu. Mkono wa miaka miwili kwenye usukani unaweza usitosheke kwa chombo kama hicho. Mkono wa wiki mbili, tusiseme.

Basi ule usalama hautoki mbinguni. Unatolewa kwa mtu wa nje na kupewa mtu wa ndani. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinaua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, na zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Mama mpendwa, kama shida ni giza na taksi-basi, gari ndogo inaimaliza. Vitz inafika Kasapa saa ile ile. IST pia iko na mlango unaofungwa. Tofauti ya bei kati ya hiyo na jeep hainunui usalama wa binti. Inanunua macho ya jirani wa Golf, na hapo turudi kwa wale wa upande wa kwanza: ndiyo, feza ni yako, nunua macho ya jirani unavyotaka. Nunua saa ya mkono. Nunua kochi la ngozi. Hivyo haviingii barabarani.

Kuna kitu kingine tunakiruka sana, sisi wenye diploma. Sheria ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na umri wa kuendesha motokari ni miaka 18. Asuransi ya motokari ni lazima tangu 1973. Na kuna kile kifungu cha 260 cha sheria ya mikataba na madeni ya 1888, ambacho mwanafunzi yeyote wa sheria amekikariri usiku wa mtihani: wazazi wanajibu kwa hasara inayoletwa na watoto wao wadogo wanaokaa nao. Kimekuwapo tangu wakati wa Leopold. Wahindi, wao, waliongeza makali mwaka 2019: mtoto asiyefika umri akifanya kosa na gari, mzazi ao mwenye gari anaweza kufungwa mpaka miaka 3 na kulipa faini ya rupia 25,000, gari inafutwa kwenye daftari miezi 12, na mtoto hapati permi mpaka afike miaka 25. Pune ilitokea hata hivyo, mtaniambia. Kweli. Lakini baba alikamatwa siku chache tu baada ya ajali, na watu wa kawaida walijua waombe nini, ju kifungu kilikuwa na namba.

Sisi tunaomba nini? Tunaandika "wivu" na "ataharibika", tunalala. Hatujawahi kumuuliza papa wa kwenye picha maswali ya kawaida kabisa: mtoto amefika 18? Permi yake aliipata kwa kufanya mtihani, ao ililetwa nyumbani ndani ya bahasha? Asuransi yako inalipa ngapi kwa mtu wa nje, yule wa pikipiki, na umeisoma ao umebandika tu karatasi kwenye kioo? Akigonga mtu saa nane za usiku, atapiga simu ya kwanza hospitali ao kwako?

Ili swali la mwisho liko na jibu moja tu linaloweza kuokoa mtu, na mtoto anapaswa kulijua kabla hajapewa funguo. Mwezi ujao matokeo yanatoka, picha zitaanza. Tuko na wanasheria zaidi ya kumi katika chama hiki. Waandike kifungu cha 260 kwa Kiswahili cha Kenya na Katuba, ukurasa mmoja tu, tukiweke chini ya kila jeep yenye utepe, mahali pa "mbele zaidi".