Kutoka Kinywani hadi Ukutani: Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo kwa Abiria wa Mabasi Yaendayo Haraka

1.0 Utangulizi

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kuhudumia abiria jijini Dar es Salaam mwezi Mei 2016, mabadiliko yaliyoonekana kwa macho yalikuwa ya miundombinu: njia za pekee katika Barabara ya Morogoro, vituo vilivyoinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi, na tiketi inayokatwa kituoni kabla ya safari. Badiliko jingine lilikuwa la lugha. Katika daladala, maelekezo hutolewa kwa sauti na kondakta na mpiga debe. Katika mfumo mpya, ambao hauna kondakta wa kunadi safari mlangoni, sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamishiwa kwenye mabango, vibandiko na vipaza sauti.

Makala haya yanahakiki maelekezo hayo kama utanzu wa Kiswahili andishi. Hoja yake ni kwamba maelekezo yanapohama kutoka kinywani kwenda ukutani huelekea kubadili rejesta: huacha sarufi ya kuelekeza na kuchukua sarufi ya kukataza. Badiliko hilo ni kizuizi cha ufikivu kama ilivyo ngazi mbele ya kiti cha magurudumu. Kauli zinazojadiliwa ni za aina iliyozoeleka katika vyombo vya usafiri wa umma nchini Tanzania. Si orodha ya mabango ya kituo kimoja.

2.0 Sarufi ya Kinywa

Ubavuni mwa daladala kuna mstari wa rangi unaotambulisha njia, na usoni pake kuna majina ya ncha mbili za safari, kwa mfano Mwenge – Kariakoo. Kistari kilicho kati ya majina hayo hakisemi basi linaelekea upande gani. Anayekamilisha maana ni kondakta, ambaye hutaja mwisho mmoja tu, tena kwa kurudiarudia. Takriri hiyo ina kazi: abiria asiyeona hupata muda wa kutambua sauti inatoka wapi, na asiyejua kusoma hapungukiwi chochote.

Ndani ya gari, kondakta hutumia vitenzi vifupi vinavyofuatana kama matendo yenyewe: sogea, shika, shuka. Ukali wa amri hupunguzwa na maneno ya udugu na heshima, kwani hawezi kumwambia mtu mzima "sogea" bila kutanguliza "mama" au "mzee". Zaidi ya yote, anaweza kuulizwa.

Hata hivyo, sarufi hiyo haistahili kusifiwa kupita kiasi. Haimfai kiziwi, ambaye hutegemea mstari wa rangi na maandishi. Aidha, kinywa kinachoita kinaweza pia kunyamaza anapotokea abiria ambaye kumpandisha kutachukua muda. Kinachostahili kurithiwa ni muundo wa usemi: mahali panatajwa, tendo linatajwa, anayeambiwa anajulikana, na mpangilio wa maneno unafuata mpangilio wa matendo.

3.0 Sarufi ya Ukuta

Kauli za ukutani hupotoka katika mambo matatu. La kwanza ni kauli ya kutendwa katika hali ya ukanushi. Katika "Hairuhusiwi kusimama mlangoni", kiambishi i- hakirejelei nomino yoyote iliyotajwa. Anayekataza hajulikani, na anayekatazwa hajulikani. Msomaji analazimika kwanza kuijenga dhana ya ruhusa, kisha kuikanusha, na mwishoni bado hajaambiwa asimame wapi. "Songa katikati ya basi" ina neno moja tu zaidi ya kauli ile, lakini inampa abiria tendo na mahali.

La pili ni unominishaji. "Upandaji na ushukaji wa abiria ufanyike kwa utaratibu" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini vitenzi vyake viwili vya msingi vimegeuzwa nomino, na "utaratibu" unaotajwa haukuelezwa. Msomaji mwepesi ataikisia maana. Msomaji anayeunganisha silabi moja baada ya nyingine, au mwenye uoni hafifu anayesogeza uso karibu na bango huku basi likifunga milango, atakuwa amefika kwenye neno la tatu.

La tatu ni mpangilio. "Kabla ya kuingia ndani ya basi, abiria ahakikishe amekata tiketi" hutanguliza tendo la mwisho na kuchelewesha la kwanza. "Kata tiketi, kisha panda" hufuata safari ilivyo. Kiswahili kina viunganishi na viambishi vinavyobeba mfuatano huu kwa wepesi, kama vile "kisha" na -ka-. Kuviacha ni uchaguzi wa mwandishi; lugha haikumlazimisha.

Inaweza kudaiwa kwamba amri ya moja kwa moja ni utovu wa adabu, na kwamba kauli ya kutendwa ndiyo heshima ya ukuta, ambao hauwezi kuchagua kati ya "mama" na "mwanangu". Dai hili lina uzito, lakini Kiswahili kina njia ya tatu, nayo ni dhamira tegemezi katika nafsi ya kwanza wingi: "Tuwapishe wanaoshuka, kisha tupande." Hapa ukuta unajihesabu miongoni mwa wasafiri. Njia hiyo nayo ina mipaka. Panapohusu usalama, "tu-" humwachia kila mtu nafasi ya kudhani kwamba anaambiwa mwenziwe, hivyo amri ya umoja, "Shika bomba", inafaa zaidi. Palipo na hatari pawe na amri, na penye suala la ustaarabu pawe na "tu-".

4.0 Tatizo la "Viti Maalumu"

Upungufu huo hauonekani wazi zaidi kuliko katika maneno "viti maalumu". Kwanza, kwa msikilizaji wa Tanzania, maneno hayo yana maana nyingine iliyokwisha kukita mizizi: nafasi za wanawake bungeni na katika mabaraza ya madiwani. Pili, hata muktadha unapoondoa utata huo, kauli "Viti maalumu kwa wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu" inabaki kirai nomino kisicho na kitenzi. Kwa mtazamo wa vitendo-uneni ulioasisiwa na Austin, kauli hiyo inatangaza haki bila kumwagiza yeyote aitimize. Kijana aliyekwisha kukaa hapo hajaambiwa afanye nini. Mzigo unamwangukia mwenye haki, ambaye sasa hana budi kuomba kile ambacho bango linasema ni chake, mbele ya basi zima.

"Mpishe mzee, mjamzito au mwenye ulemavu akae" hurekebisha hali hiyo kwa kiambishi kimoja. Kiambishi cha mtendwa m- kinamweka mwenye haki ndani ya kitenzi, na amri inamwelekea aliyekaa. Uteuzi wa majina ya watu nao unahitaji uangalifu. Mwelekeo wa sasa wa kusema "watu wenye ulemavu" unaepuka majina ya ngeli ya KI-VI kama "kiwete", ambayo wengi huyaona kuwa ya kudunisha. Hata hivyo, Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kimeendelea kulibeba neno "viziwi" katika jina lake. Funzo kwa mwandishi wa mabango ni kwamba wahusika waulizwe kwanza. Si kila neno la ngeli hiyo ni la kufutwa.

5.0 Picha, Nukta Nundu na Sauti

Suluhisho linalopendekezwa kwa haraka ni picha. Lakini alama nyingi zinazoitwa picha ni za makubaliano na hazina budi kufundishwa. Alama ya kiti cha magurudumu, iliyobuniwa mwaka 1968 na Susanne Koefoed, humfanya mtazamaji asiyefunzwa kudhani kwamba asiye na kiti hicho hahusiki: kiziwi, kwa mfano, au mtu mwenye ualbino ambaye uoni wake ni hafifu. Picha hufanikiwa zaidi inaposhikamana na jina ambalo watu wanalo tayari. Reli ya chini ya ardhi ya Mexico City, iliyofunguliwa mwaka 1969, ilipewa alama ya pekee kwa kila kituo, kazi iliyoongozwa na Lance Wyman, ili hata asiyejua kusoma ajue aliposhuka.

Dar es Salaam ina utajiri wa aina hiyo, kwa kuwa majina mengi ya vituo ni picha tayari: Kivukoni, Mapipa, Kanisani. Kituo cha Fire kinathibitisha haja hiyo kwa namna nyingine. Wakazi hutamka Faya, lakini anayejua kusoma Kiswahili pekee ataona "fi-re". Mchoro wa gari la zimamoto ungewaunganisha msomaji huyo na asiyesoma kabisa. Kosa hapo si dogo, kwa kuwa ndipo njia ya Gerezani inapoachana na ile ya Kivukoni.

Nukta nundu nazo ni za lazima, ila zina sharti: asiyeona hawezi kugusa bango asilojua liko wapi. Sauti inapaswa kutangulia na kumwongoza mkono. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalitambua jambo hili katika Ibara ya 9: unataka alama za nukta nundu na maandishi mepesi kueleweka, kisha unataka pia usaidizi wa watu, wakiwamo waongozaji, wasomaji na wakalimani wa lugha ya alama.

Mtazamo huo si mgeni nchini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliunganisha kitabu, redio na kikundi chenye kiongozi, na hivyo haikumtegemea msomaji pekee wala msikilizaji pekee. Kituo cha basi kinahitaji utatu huohuo: bango, sauti na mtu wa kuulizwa.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba ufikivu wa maelekezo huanzia katika sarufi, kabla ya rangi, ukubwa wa herufi au mahali pa kubandika. Kauli isiyo na mtenda, isiyo na mahali na isiyofuata mpangilio wa matendo haiwi nyepesi kwa kuandikwa kwa herufi kubwa au kwa nukta nundu. Ugumu wake hunakiliwa tu katika umbo jingine. Baraza la Kiswahili la Taifa, vyama vya watu wenye ulemavu na mamlaka za usafiri wana kazi ya pamoja ya kuandaa kauli chache za kudumu na kuzijaribu kituoni kabla ya kuzichapa, kwa abiria asiyeona, kiziwi, mzee na mgeni wa jiji. Kipimo kiwe kimoja: je, baada ya kauli hiyo, abiria amefanya kilichokusudiwa bila kuomba msaada ambao hakuutaka?