Fundi Anayeuliza Kwanza

Honda CG125 niliyorithi kwa baba ilikuwa na ugonjwa wa mlimani. Asubuhi, Morogoro mjini, kiki moja inatosha. Inapita Mzumbe, inapita Mlali, inaanza kuupanda Uluguru kuelekea Mgeta, na hapo, injini ikishapata moto sawasawa, inazima. Ukiisogeza kando na kukaa kivulini nusu saa, inawaka kana kwamba haikuwahi kukusumbua. Mbele kidogo inazima tena.

Kwa mwaka mzima niliizungusha kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili aliosha kabureta na kuweka jeti mpya. Wa tatu alifunga koili mpya, ile inayokaa chini ya tenki, kisha akaishusha injini na kuweka ringi mpya za pistoni. Kila mara nilirudishiwa pikipiki inayonguruma vizuri mjini, na kila mara niliisukuma mlimani.

Fundi wa nne ana gereji chini ya mwarobaini, ukingoni mwa mji. Hakushika spana. Alivuta ndoo, akaipindua, akaikalia, akanitazama mimi badala ya pikipiki.

“Mwalimu, inazima ghafla, au inafifia kwanza?”

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Nikajaribu kukumbuka: inakata, inashika, inakata, halafu kimya. Ndani ya dakika moja.

“Ukifungua plagi hapo hapo, imelowa au kavu?”

Sikujua.

“Ukipiga kiki, mguu unasukumwa, au kiki inashuka tu kama mpini wa pampu mbovu?”

Sikujua pia. Akaendelea. Mvua ikinyesha inakuwaje? Tenki likiwa nusu, au likiwa limejaa? Ukiwa peke yako na ukiwa na mzigo? Tangu lini, na kabla ya kuanza ilifanyiwa nini? Saa nzima ikapita, na pikipiki bado ilikuwa imesimama na vumbi lake. Nilikuwa nimeiosha asubuhi ile kwa heshima ya fundi, kisha nikapita barabara ya vumbi kumfikia. Aliniambia kwa upole kwamba siku nyingine niilete chafu, kwa sababu oili inayovuja huacha njia yake kwenye vumbi, na sabuni huifuta njia hiyo.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya saa ile moja. Wengi wetu tunampima fundi kwa wepesi wa mikono: akifungua injini upesi tunasema anajua kazi. Mimi siku hizi nampima kwa muda anaokaa kabla ya kufungua.

Maswali yake hayakuwa ya kubahatisha. Injini ya petroli inadai vitu vitatu: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi, mgandamizo, na moto wa plagi unaokuja kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, inagoma. Mafuta yakipungua, injini mara nyingi hufifia, kwa kuwa kabureta ina akiba kidogo ya kumalizia. Moto ukikatika, injini hukata. Plagi iliyolowa petroli inasema mafuta yamefika ila hayakuwashwa. Iliyo kavu inasema hayakufika. Kila swali lilikuwa linamtoa mshukiwa mmoja kwenye mstari, na halikugharimu hata nati moja.

Alikuwa pia anaijua injini yenyewe. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu. Waliona kwamba kwenye nchi za joto pikipiki ni chombo cha kazi, na kwamba oili hukaa ndani muda mrefu kuliko kitabu kinavyotaka. Injini zenye kamshafti juu kwenye hedi zilikuwa zinaumizwa na oili hiyo chafu. Basi wakairudisha kamshafti chini, na valvu zikawa zinasukumwa kwa fito. Silinda ni moja, kipenyo chake milimita 56.5, mwendo wa pistoni milimita 49.5, ujazo sentimita za ujazo 124. Viwanda vingi vya China viliiga mpango huo, ndiyo maana fundi wa bodaboda anaifahamu injini hii hata kama Honda yenyewe hajawahi kuigusa.

Siku ya pili tukapanda wote mlimani, yeye akiendesha na mimi nyuma, begi la spana katikati yetu. Kabla ya kuondoka alilegeza kifuniko cha tenki. Kifuniko kina kitundu cha kuingiza hewa. Kikiziba, petroli inaposhuka hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake, na mwishowe petroli yenyewe inagoma kushuka. Ukisimama kidogo hewa hupenya, na pikipiki inawaka. Dalili zangu zilifanana kabisa na za kitundu kilichoziba. Lakini kifuniko kikiwa kimelegezwa, mahali pale pale, pikipiki ilizima.

Nilichokiona baada ya hapo nakikumbuka kwa mpangilio wake. Alifungua skrubu ya chini ya kabureta: petroli ikatoka, na ikaendelea kutoka. Mafuta yamo. Akabonyeza kiki kwa mkono, polepole, hadi ikakataa kushuka. Mgandamizo upo, kwa hiyo valvu na ringi hazina kesi. Akafungua plagi, imelowa. Akaiunganisha na waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini mbali na tundu lake, akaniambia nipige kiki. Cheche ilikuwa ya njano, nyembamba, inakuja na kutoweka. Tukakaa. Injini ikapoa, nikapiga kiki tena, na cheche ya bluu ikaruka na sauti kama kijiti kikavu kinachovunjika.

Hapo ugonjwa ulikuwa umeshapata jina la ukoo. Kilichobaki ni kujua ni nani hasa ndani ya ukoo huo. Koili ya chini ya tenki ilikuwa mpya, lakini yeye hakuupokea upya wake kama ushahidi. Tulipoendesha hadi ikazima tena, aliifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi. Cheche haikubadilika. Akatoa koili nyingine begini, akaiunganisha kwa muda. Bado. Ikabaki magneto, upande wa kushoto wa injini, pale ambapo joto halina pa kwenda.

Gerejini, alifungua kifuniko cha magneto na kutazama platina kwanza. Nyuso zake zilikuwa safi. Kondensa ikifa, platina huungua na kuota vishimo, kwa hiyo kondensa nayo haikuwa na kesi. Akaing'oa koili ya ndani na kuipima kwa mita ikiwa baridi: nzima. Kisha akaisogeza juu ya jiko la mkaa, umbali wa kiganja, akiigeuzageuza kama mtu anayechoma hindi asilotaka liungue. Sindano ya mita ikatetemeka, kisha ikalala kushoto. Waya wa shaba, mwembamba kama unywele, ulikuwa umekatika ndani ya msuko. Ukiwa baridi ncha zake zinagusana. Ukipata joto zinaachana.

Sijui neno zuri zaidi la kazi ile kuliko ushahidi. Hakusema “nadhani” hata mara moja, na hakusema “tubadilishe tuone.” Kubadilisha tuone ndiko kulikomaliza pesa zangu mwaka mzima.

Nilimuuliza kuhusu ringi mpya za fundi wa tatu. Akasema pikipiki haikuwa ikitoa moshi wa bluu, kwa hiyo haikuwa ikila oili. Na kama mtu ana shaka na mgandamizo, anamimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima upya: nguvu ikipanda, ringi zimechoka, kwa kuwa oili imeziba pengo lake; isipopanda, tazama valvu. Kijiko kimoja cha oili kingeziokoa ringi zangu za zamani.

Tangu siku ile huwa naenda kukaa kwenye gereji ile hata pikipiki ikiwa nzima. Nimejifunza kusoma plagi kidogo: rangi ya kahawia ni afya, masizi makavu ni petroli nyingi au chujio la hewa lililoziba, utelezi mweusi ni oili inayopanda, weupe wa chokaa ni injini inayochemka kwa kukosa mafuta ya kutosha. Nimemwona akiegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye hedi na mpini sikioni, macho amefumba, akisikiliza valvu. Kijana mmoja wa bodaboda alimwomba azikaze zinyamaze kabisa. Akakataa. Pengo la valvu kwenye CG125 ni milimita 0.08, wembamba wa karatasi ya daftari. Ukilimaliza, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake, na pale kwenye kiti ndipo inapotua joto lake. Valvu ya moshi iliyokosa pa kutua joto huungua. “Ile inayolia kidogo ni nzima,” alimwambia. “Uiogope iliyonyamaza.”

Koili yangu haikununuliwa mpya. Fundi wa kusuka mota pale jirani aliivua waya wa zamani na kuisuka upya, siku moja na nusu. Ilipofungwa, tulipanda tena mlimani na kufika Mgeta bila kusimama, tukanywa chai, tukarudi na gunia la kabichi nyuma.

Bei niliyotajiwa ilikuwa ya msuko na ya kufungua na kufunga. Ile saa ya kwenye ndoo haikuwamo, wala zile safari mbili za mlimani. Niliongeza mwenyewe, na alishangaa. Nawe ukimpata fundi wa namna hii, jibu maswali yake yote kwa ukweli, usimharakishe, na ukifika wakati wa kulipa, mlipe na ile saa aliyokuuliza.